Yah: Mahindi Yenu Kuruka Ua na Kuyapa Yangu Mimba Bila Posa

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Mbegu za Kisasa.

Ndugu Mkurugenzi,

Natumai barua hii itakukuta umekaa, maana si ya kusomwa mtu akiwa amesimama. Mimi sijambo, mume wangu hajambo isipokuwa mgongo, na kuku wote wako salama. Hofu ni juu yako wewe, ukishamaliza kuisoma.

Mimi ni yule mama anayechoma mahindi nje ya lango la hospitali. Watu huniita Mama Kibuyu, na sababu utaijua hivi punde. Mahindi yangu yakiwa bado mabichi, afisa wako alikuja shambani kwangu, amevaa viatu vilivyochongoka mbele. Alichuma jani bila hata kuniuliza hali, akalitwanga ndani ya kichupa chenye maji, akatumbukiza kijikaratasi. Ikatokea mistari miwili. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akaandika.

Mheshimiwa, mimi nimezaa mara nne. Mistari miwili kwenye kijikaratasi naijua maana yake, ndiyo maana sikubishana naye. Mahindi yangu yalikuwa na mimba, na mhusika ni wewe.

Nikakaa nikisubiri wakwe waje. Badala yake wiki hii imekuja barua. Inasema ndani ya mahindi yangu kuna kitu ambacho ni mali ya kampuni yako, nimekitumia bila idhini, nisithubutu kuweka mbegu kutoka mavuno haya, na nikizipanda tutaonana mahakamani. Niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimejishikiza ukutani. Mvua ndiyo hiyo inanukia. Kibuyu changu cha mbegu kimejaa, kinaning'inia juu ya jiko, na wanawake wa mtaa mzima wanapita kila asubuhi kuuliza nitawagawia lini. Nawaambia kesho, na kesho zenyewe zimeanza kuniishia. Nisipopanda mwezi huu sina cha kuchoma, na nisipochoma sisi hatuli. Haja yangu ni hiyo tu: nipande mbegu yangu. Ili uone kwamba ni haki yangu, naweka malalamiko kwa namba, kama afisa wako alivyoyapanga makosa yangu.

1. KUINGIA BILA HODI. Ng'ambo ya barabara liko shamba la wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye nyumba yake imepakana na yangu kwa ua tu. Mimi namwita Mambo Leo, kwa sababu chochote kipya lazima aanze nacho yeye. Amepanda mbegu zako tangu siku zilipoingia dukani. Sasa upepo, kama unavyojua, hauna adabu. Umezoa vumbi la maua ya mahindi yako, umevuka barabara, umeruka ua, umeingia kwenye mahindi yangu ambayo nimeyalea kwa heshima, hayajawahi kutoka wala kupokea wageni.

Mheshimiwa, hata mbuzi wa jirani akiruka ua, mwenye mbuzi huja ameinamisha kichwa, akaomba radhi, akamkokota mbuzi wake nyumbani. Wewe dume lako limeruka, limefanya lililofanya, halafu unamwandikia barua mama mtu ukidai binti na mtoto! Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kesi hii wahenga walishaikata zamani: kitanda hakizai haramu. Aliyezaliwa shambani kwangu ni wangu. Na wala fedha zenu sizitaki. Ninachotaka ni mje kama watu wanavyokwenda kwa watu, mtume mshenga, mkae mkekani, mkohoe kidogo, kisha mseme kilichowaleta.

2. SURA ZA WATOTO. Mbegu yangu si ya kuokota. Ilitoka kwa mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Alinipa mimi, mke wa mwanawe, akampita binti wa kumzaa mwenyewe, yaani huyo huyo Mambo Leo, kwa kuwa binti huyo alishasema mbegu za jikoni ni za watu wa kale. Mama mkwe alinikalisha jikoni akanifundisha: chukua punje za katikati ya gunzi tu, changanya na majivu, tia kibuyuni, tundika juu ya mafiga, na moto usilale hata siku moja. Moshi ndio askari wa mbegu. Moto ukilala, fukusi wanaamka. Nimeyashika hayo tangu nikiwa bibi harusi, na mbegu ile naijua hata ukinifunga kitambaa machoni. Naijua kwa kidole, naijua kwa jino. Zenu nimewahi kuonjeshwa kwa wifi, na samahani kwa neno nitakalolitumia, ni kama kutafuna boksi.

Moto ule nimeuacha mara moja tu, mwaka juzi, nilipokwenda kumuuguza binti yangu aliyejifungua. Nilimkabidhi mume wangu jiko na kibuyu. Niliporudi nilikuta kibuyu kimejaa pomoni, pengine kuliko nilivyokiacha. Mume wangu nilimkuta na viganja vya rangi ya waridi, akasema alikuwa akinifulia lile pazia jekundu la sebuleni. Machozi yalinitoka, Mheshimiwa. Tangu anioe, mtu huyu hajawahi kufua hata leso yake. Pazia lenyewe nililikuta na vumbi lake lote, lakini nia njema haipimwi kwa vumbi.

Basi nikapanda, na mavuno ya msimu ule sijapata kuyaona tangu nizaliwe. Punje zilijaa mpaka nchani mwa gunzi. Hata viwavi hawakuonekana, nikajua ni dua za mama mkwe. Wateja walipanga foleni kutoka kwenye jiko langu la mkaa hadi dirisha la kuandikishia wagonjwa, mpaka wagonjwa wakawa wanaulizana hii ni foleni ya nini. Nilisimama kwenye ua nikamwambia wifi, kwa sauti ya kumfikia yeye na majirani, kwamba haya ndiyo mahindi ya mama yake, na wataalamu wenu wakikesha maabara mwaka mzima hawatayaweza. Alitabasamu kidogo akaendelea kusugua sufuria. Nikasema moyoni, umeshindwa.

Sasa njoo uone ya msimu huu uliokwisha. Mengine marefu kama nguzo za umeme, mengine mafupi kama stuli, mengine yamebeba magunzi yenye mapengo kama mtoto wa darasa la kwanza. Hiyo si damu ya mama mkwe. Hiyo ni damu ya kwenu. Na kwa kuwa imepitia kwa wifi, nimemnunia tangu siku ya kijikaratasi. Salamu zake siitikii. Juzi aliposikia habari ya barua yako alinitumia bakuli limefunikwa vizuri, nikalirudisha na kifuniko chake bila kuchungulia. Sitaki huruma ya mtu aliyeniharibia. Tena huyo ndiye mkulima wenu wa kisasa mnayemsifu: nyuma ya jiko lake ana mistari mitatu ya mahindi anayoipanda watu wakiwa wanakaribia kuvuna, anaimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Hata mawingu hajui kuyasoma.

3. VIWAVI. Zamani viwavi wetu tulikuwa tunajuana nao. Wanakula yao pembeni, asubuhi nawaokota nawapa kuku, kila kiumbe anapata riziki yake. Siku hizi kiwavi anakuja, anauma jani mara moja, anajikunja kama aliyepokea habari ya msiba, kesho yake simuoni tena. Nakiri nilifurahi. Lakini furaha ile ilikuwa fupi, kwa sababu kuku walipokosa kitoweo walihamia kwenye miche yangu ya nyanya, na viwavi waliosalimika walihamia kwenye mboga. Tena wapo wachache, nimewaona kwa macho haya mawili, ambao wameanza kuzoea. Wananenepa juu ya mahindi yale yale mliyoapa kwamba hayaliki. Hao wanatumia mali yako bila idhini, mchana kweupe, na sijasikia kwamba wameandikiwa barua. Au ni kwa sababu hawana anwani?

4. DAWA YA MAGUGU NA UNENE WA MWENYE DUKA. Ile dawa inayouzwa pamoja na mbegu zenu inaua kila kitu kasoro mahindi yenu. Mboga za mwituni zilizokuwa zikiota zenyewe kando ya barabara, tukachuma bure tukila na kushiba, zimekwisha. Sasa tunazinunua sokoni kwa mafungu, zimefungwa kwa kamba, kama kwamba zamani hatukuwa tukizikanyaga njiani. Mkulima akianza na mbegu yako anarudi dukani kila msimu: mbegu hapo, dawa hapo, mbolea hapo, kwa mtu yule yule. Mwenye duka huyo alikuja mtaani kwetu mwembamba, suruali kaikaza kwa kamba. Juzi nimemuona anapita mlangoni kwa ubavu.

5. NYUKI. Nyuki wa paa la hospitali wanakomba vumbi la maua ya mahindi yako kila asubuhi, hawasaini popote. Wako wengi na wana hasira. Barua yao mpe yule afisa mwenye viatu aipeleke mwenyewe.

6. WALIOKULA. Hapa ndipo nilipokosa usingizi. Barua yako inasema kilicho chako ni chako popote kilipo. Vyema. Kuku wangu wamekula punje zile, kwa hiyo mayai ni yako, na vifaranga ni yatima wako. Mahindi mabichi nimeyachoma langoni msimu mzima. Amekula mganga mkuu wa hospitali, wamekula wagonjwa wake, hata wenye kuumwa meno, amekula mlinzi. Afisa wako mwenyewe, alipokuwa akiandika makosa yangu, alikula hindi zima, akaomba chumvi na ndimu, na akaondoka akilamba vidole. Kidhibiti cha kesi yako amekila mtu uliyemtuma mwenyewe.

Kibaya zaidi, Mheshimiwa, ni hakimu. Hakimu wa mahakama unayonitishia hupita kwangu kila Ijumaa akitoka kazini, na huchukua mawili, lake na la njiani. Kwa kanuni yako hakimu yule sasa ni mali yako kuanzia tumboni kwenda juu. Atahukumuje kesi ya mwenye mali akiwa yeye mwenyewe ni mali? Nani alishaona mbuzi akaamua ugomvi wa mchungaji?

7. MIMI MWENYEWE. Nimeyala mahindi yale asubuhi, mchana na jioni. Mume wangu ndiyo usiseme. Kama punje moja ya vumbi iliyopeperushwa na upepo inalifanya shamba zima kuwa lako, basi mimi niliyekula magunia nimekuwa wako zamani. Nimelitafakari jambo hili kwa unyenyekevu na nimelikubali. Siku hizi hata nikijitazama kwenye kioo najiuliza kama nina idhini.

Lakini mwenye mali hutunza mali yake. Goti langu la kushoto linavuja maji, naomba lipelekwe hospitali kwa gharama ya mwenyewe. Paa la jikoni limetoboka juu ya mali yako. Mume wangu anakoroma, na sasa ni koromo la kampuni, mlitafutie dawa. Kwa kuwa si haki mali kukaa mbali na mwenyewe, tumeamua kuhamia kwenu. Jumatatu tunakuja, mimi, mume wangu na kuku. Naomba chumba chenye dirisha, kisiwe karibu na ngazi kwa ajili ya goti, na jiko la kuni, maana moto wangu haulali.

Au, Mheshimiwa, kama yote haya unayaona mazito, uniandikie mstari mmoja tu: panda mbegu yako, mama. Tutayamaliza hapo, na nitakuletea mahindi mawili ya kuchoma kwa mkono wangu.

Nisalimie mke wako na watoto. Nisalimie karani wako aliyepiga chapa barua ile, mwandiko wake ni safi ingawa maneno hayakuwa yake. Nisalimie mlinzi wa geti, na wale wataalamu wa maabara, waambie walale. Afisa wa viatu msalimie pia, mwambie kichupa chake alikisahau kwangu na nimekitia mafuta ya taa.

Ni mimi, mali yako mtiifu,

Mama Kibuyu,
Nje ya lango la hospitali, upande wa kivuli.

Nyongeza:

Barua hii nilimpa mume wangu aisome kabla sijaibandika stempu, yeye ndiye hodari wa herufi kubwa na ndogo. Lalamiko la kwanza alilicheka mpaka akajipiga paja. La pili akaanza kukohoa. Alipofika kwenye pazia alikwenda kunywa maji, na hakurudi mpaka nilipomfuata mtungini.

Moto ulilala, Mheshimiwa. Nilipokuwa kwa binti yangu, mume wangu hakupika hata mara moja, alikuwa akila kwa dada yake. Jiko likapoa, moshi ukakatika, fukusi wakaingia kibuyuni wakasaga mbegu ikawa unga. Akaogopa machozi yangu. Akamkimbilia dada yake, naye akampa mfuko wa mbegu zako, zile zinazopakwa dawa ya rangi ya waridi. Mume wangu akakaa uani na beseni akaziosha hadi zikawa nyeupe, akazitia majivu, akazitundika. Pazia langu halijafuliwa hadi leo.

Kwa hiyo hakuna upepo uliovuka barabara. Dume lilipitia mlangoni, likafunguliwa na mwenye nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako. Yale mahindi niliyojisifia kwenye ua yalikuwa yako. Mimi ninayeijua mbegu kwa jino nimetafuna boksi misimu miwili nikimwombea mama mkwe rehema, na mtaa mzima nimeugawia.

Lakini hilo silo lililonikalisha chini. Kabla fukusi hawajamaliza, wifi alikuja na ungo wake, akachambua unga ule, akapata punje nzima zisizojaa kiganja. Hizo ndizo anazopanda nyuma ya jiko lake, akizichelewesha makusudi na kuzinywesha maji ya vyombo, ili zitoe maua wakati mahindi ya watu yamekwisha kukauka, upepo wa kwangu usizifikie. Upepo wa kwangu! Mambo Leo wangu ndiye aliyebaki na mbegu ya mama yake, ile aliyopitwa nayo, na matusi yangu yote ameyameza ili nisigombane na kaka yake. Na bakuli lile nililolirudisha na kifuniko chake, mume wangu anasema lilikuwa na mbegu.

Nimelia, sikufichi. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Malalamiko, la kwanza hadi la sita, yafute. Barua naituma hivyo hivyo, stempu nimeshailamba. Sasa naweka kalamu chini nikapige hodi kwa wifi. Mshenga sitatuma. Nitakaa mkekani mwenyewe, nitakohoa kidogo, nitasema kilichonileta, na akinipa hata punje kumi nitazipokea kwa mikono miwili.

Lalamiko la saba libaki kama lilivyo, ila chumba kiwe cha mtu mmoja. Mume wangu anakuja Jumatatu peke yake, amebeba kibuyu, na kilichomo ni chako. Anakula sana, moto hajui kuutunza, lakini kufua mbegu anaweza.